Kiwanda Kinapeleka Posa

Kwa muda mrefu majirani wa Samiha Haroub, hapo Wete, hawakuelewa anafanya kazi gani. Walijua kasoma chuo Unguja. Walijua pia kwamba kiwanda cha mwani kilipofunguliwa nje ya mji, yeye alipewa chumba chake mwenyewe chenye feni mbili. Lakini alipoulizwa mama yake, Bi Zuweina, jibu lilikuwa lile lililomjia siku hiyo. "Anaandika watu kazi." Siku nyingine: "Anasuluhisha wanaogombana." Na siku akiwa na hasira na bintiye: "Anakaa na mambo ya watu kutwa. Ya kwake hana muda nayo."

Mlango wa chumba ulibandikwa maneno Afisa Rasilimali Watu. Jecha, mlinzi wa getini, aliyasoma siku ya kwanza, akatikisa kichwa.

"Rasilimali ni karafuu, Bi Samiha. Watu ni watu."

"Ndo maana nikawekwa," Samiha alimjibu. "Karafuu haigombani na msimamizi wake."

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na nane, mwembamba, mzito wa kucheka. Alirudi Pemba baada ya ndoa yake ya Unguja kuvunjika, akiwa na cheti cha chuo na masanduku mawili, na hakupenda kuulizwa juu ya lolote kati ya hayo. Sheria ya kazi aliijua vizuri. Alijua kumsomea mkataba mtu asiyesoma, polepole, mpaka mtu mwenyewe aulize swali. Alijua kwamba anayekuja kuomba ruhusa ya kwenda kwa mgonjwa mara nyingine hana mgonjwa, bali ana mwenzake wa zamu asiyetaka kumuona, na kwamba hilo halitoki mdomoni mpaka chai iwe imepoa. Kusikiliza namna hiyo alifundishwa chuoni. Kunyamaza baada ya kusikia alijifunza kwenye ndoa.

Mwaka ule kiwanda kiliongeza sehemu mpya ya kuanika na kuchambua mwani, na sehemu hiyo ilihitaji wasimamizi sita. Samiha alizitaka nafasi zile sita ziende kwa wanawake wanaolima mwani wenyewe, wa Fundo na wa Kiuyu. Tangu kiwanda kifunguliwe, wanawake wale walifika mpaka mizani ya getini, wakauza, wakageuka. Waliokuwa ndani wakiamua upi mwani mzuri na upi mbaya walitoka mbali. Jambo hilo lilimkaa rohoni kila asubuhi alipopita pale mizanini na kuamkiana nao.

Akatangaza nafasi misikitini, kwenye masoko yote mawili na kwa masheha. Wakaja wengi. Siku ya usaili jopo lilikuwa la watatu: Samiha, mhasibu, na meneja wa kiwanda, Usama, mtu wa Unguja mjini, nadhifu, mwepesi wa maneno, asiyekuwa mbaya.

Wa kwanza kuingia alikuwa Moza Ame wa Fundo, mama wa makamo, aliyeongoza kikundi cha wakulima wa mwani miaka mingi.

"Tueleze uwezo wako," Usama alisema.

Moza alitazama mikono yake. "Uwezo ni wa Mungu."

"Naam. Lakini wewe?"

"Miye nnajaribu tu, na wenzangu."

"Kwa nini tukuchague wewe na si mwengine?"

"Wengine wapo, na wazuri kuliko miye."

Usama alicheka. "Basi tuwaite hao wengine."

Wakaitwa. Wa pili alisema mzuri ni Moza. Wa tatu alisema yeye si kitu, aulizwe aliyetoka. Hata adhuhuri inaadhiniwa, jopo lilikuwa limesikia kila mwanamke akisifiwa, isipokuwa na yeye mwenyewe. Waliopata alama za kutosha walikuwa vijana wawili wa mjini, ambao hawajawahi kukanyaga shamba la mwani, lakini walisema wanajiamini na wanafanya kazi chini ya shinikizo.

"Samiha," Usama alimwambia walipobaki wawili, "nimewapa alama za huruma na bado hawakufika. Mwisho wa mwezi bodi inakaa. Kama hatuna wasimamizi, nitaomba makao makuu watuletee watu. Na sitaki uone nimekuonea."

"Hujanionea. Nipe usaili wa pili."

"Watajibu nini cha ziada?"

"Nitawafundisha."

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa bidii zake zote. Alivuka bahari kwenda kisiwani Fundo, akaomba chumba cha skuli, akawakusanya waombaji. Akawafundisha kama alivyofundishwa yeye: simama wima, mtazame anayekuuliza, taja sifa zako bila ya haya. Akamwinua Moza awe wa mwanzo.

"Sema: mimi ni kiongozi bora."

"Ni lazima niseme hivyo, Bi Samiha?"

"Ni lazima."

Moza alisimama, akaziba nusu ya uso kwa mtandio, akasema kwa sauti ya mtoto anayesomeshwa: "Mimi ni kiongozi bora."

Madirisha yalikuwa wazi na nje palikuwa na watu. Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka huko, taratibu kabisa: "Na siye tulikuwa hatujui. Haya, Kiongozi Bora, hebu njoo utuongoze kisimani."

Waliokuwa nje walicheka mpaka wakakaa chini. Waliokuwa ndani walijizuia, wakashindwa. Jua halijatua, kisiwa kizima kilikuwa na jina jipya la Moza Ame. Watoto walimpisha njia: "Pisheni, anapita Kiongozi Bora." Muuza duka alimuuliza kama kiongozi bora hununua chumvi kama watu wengine.

Siku ya tatu alimpigia Samiha simu. Hakupandisha sauti.

"Bi Samiha, ahsante kwa yote. Miye nijitoe. Umri wangu wote sijapata kujisifu mbele za watu. Umenifundisha weye, na sasa hata wanangu wananicheka."

Samiha aliishika simu muda mrefu baada ya kukatika. Huko alikosoma wangesema mwombaji huyu hajiamini, na wangefunga jalada. Yeye alijua si hivyo. Moza alijiamini kutosha kusimama mbele ya wanawake wa kijiji kizima na kukataa mwani wao ukiwa na mchanga. Asichoweza ni kujitangaza, kwa sababu alilelewa mahali ambapo anayejisifu huulizwa kimyakimya kwa nini hana wa kumsifu.

Wiki ile mama yake alipata kazi. Binti wa jamaa yao alikuwa ameposwa na fundi seremala wa Kiuyu, na Bi Zuweina akatumwa na ukoo kwenda kuulizia. Alikuwa akitumwa mara nyingi. Watu walimwamini kwa sababu hakuwa akirudi na maneno matamu tu. Akamwomba Samiha amsindikize.

Hawakwenda kwa wazazi wa kijana. Walikwenda kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na yule seremala katika karakana moja, kisha wakaachana. Bi Zuweina alikaa, akanywa maji, akauliza hali za watu wote walio hai, ndipo akaingia.

"Kazi ikimharibikia, hufanyaje?"

"Hutukana," alisema mzee.

"Humtukana nani?"

"Mbao."

"Msaidizi wake je?"

Mzee alifikiri. "Msaidizi hamtukani. Humnyamazia. Miye ningeona bora anitukane."

"Na huko kunyamaza huchukua muda gani?"

"Mpaka wali uive."

Bi Zuweina alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepimiwa kitambaa akakiona kinatosha. Samiha alisikiliza pembeni. Yule kijana hakuwepo. Hakuulizwa hata neno moja juu ya sifa zake, na wao walikuwa tayari wanamjua zaidi kuliko alivyomjua mwombaji yeyote aliyekaa mbele yake kwenye kile kiti cha usaili.

Njiani kurudi aliuliza swali aliloliacha miaka yote.

"Mama. Wa kwangu mimi ulimuulizia kwa nani?"

Walipita mashamba ya mihogo, wakapita skuli, ndipo Bi Zuweina akajibu.

"Kwa waliosali nae. Wakaniambia alfajiri haimpiti."

"Na ni kweli haikuwa ikimpita."

"Ni kweli. Niliwauliza waliosimama nae safu moja, wakanijibu walichokiona. Hapana niliyemuuliza aliyewahi kufanya nae kazi, wala kukaa chini ya amri yake." Akarekebisha buibui lake. "Tokea hapo nauliza hao."

Samiha hakuwa na hasira, au alikuwa nayo ile ya zamani ambayo haina tena wa kupelekewa. Lakini aliyashika yale maneno, na asubuhi yake akaingia nayo kwa Usama.

"Nataka kubadili usaili. Mwombaji akae nje. Aingie mtu wa kumsemea."

"Hapa kiwandani, Samiha. Si harusini."

"Harusini watu hutoa binti yao. Siye tunatoa zamu na mizani."

Usama aliweka kalamu. "Watawaleta mashemeji zao, watatudanganya."

"Jamaa hapana. Rafiki hapana. Awe mtu aliyewahi kuwa chini ya mwombaji. Maswali yawe yale yale kwa wote, na majibu tuyape alama kama kawaida. Nitauliza mimi. Sitauliza kama ni mtu mzuri. Nitauliza walipogombana alifanya nini."

Alikuwa na jibu kwa kila kipingamizi, kwa sababu hakulala akivitafuta. Mwishowe Usama akasema: "Niletee mmoja, nione. Yule wa mwanzo, wa Fundo. Ikishindikana kwake, naomba watu makao makuu na hatulizungumzi tena."

"Yule kajitoa."

"Basi kamtoe huko alikojitoa."

Samiha hakumpigia Moza simu. Kwa aibu aliyomtia, simu isingetosha. Alimchukua mama yake, wakavuka asubuhi na boti ya mashine, wakabeba halua ya Wete na kanga mpya. Walimkuta Moza uani akitenganisha mbegu za mwani, na jirani zake watatu wanne, ambao hawakuondoka kwa kuwa walishaona kuna jambo.

Bi Zuweina alikaa mkekani, akaweka halua mbele yake, akakohoa kidogo.

"Tumesikia nyumba hii ina mtu," alisema, "nasi tuna pahala pake. Tumekuja kwa miguu yetu, hatukutuma, ili ijulikane tunamtaka."

Moza alimtazama. "Bi Zuweina, miye mume ninae."

"Hatukukuletea mume. Mume mmoja anatosha, kwa wengine hata huyo amezidi."

Jirani zake wakacheka, na safari hii Moza alicheka nao. Ndipo Samiha akasogea.

"Dada Moza, nilikukosea. Nilikutia maneno mdomoni yasiyokuwa yako, tena mbele za watu, na lawama ni zangu." Alisema hivyo wale jirani wakisikia, kwa kuwa fedheha nayo waliisikia. "Kiwanda kinakutaka. Safari hii hutasema kitu. Atasema mwengine."

"Nani?"

"Umchague weye. Asiwe ndugu yako, asiwe shoga yako. Awe aliyekaa chini yako."

Moza aliendelea kutenganisha mbegu. Aliweka fungu moja huku, jingine huku.

"Nadhira," alisema.

Jirani wakatazamana. Mmoja alimweleza Samiha, kwa sauti ya chini isiyokuwa ya chini, kwamba Nadhira ndiye aliyewahi kutolewa kikundini na Moza mwenyewe, na mpaka leo husalimiana kwa ubavu.

"Shoga, yule si atakumaliza?" mwengine aliuliza.

"Akinimaliza kwa kweli," Moza alisema, "basi nilikuwa nishakwisha."

Siku ya usaili Moza alikaa nje kwenye benchi karibu na Jecha. Nadhira akaingia. Alikuwa mdogo kwa Moza, mkavu wa uso, na alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mara ya mwisho mlipogombana ilikuwaje?" Samiha aliuliza.

"Nilileta mwani mbichi chini ya gunia, mkavu juu. Uzito ulikuwa mzuri." Hakutazama pembeni. "Akaumwaga mbele ya watu wote. Hakusema kitu. Angenitukana ningepata la kumjibu. Akanitoa msimu mzima."

"Uliporudi?"

"Niliporudi alipima gunia langu kama la wengine. Hakuchimbua chini."

Usama aliinama mbele. "Hakuwa na wasiwasi na wewe?"

"Alikuwa nao. Niliuona mkono ukitaka kwenda. Akauzuia."

Mhasibu aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Kasoro zake?" Samiha aliendelea, kwa sauti ile ile, kwa kuwa maswali lazima yawe sawa kwa wote.

"Mkali. Asubuhi hasikilizi mtu mpaka maji yapwe. Hasomi kwa haraka, itabidi apewe muda. Akishaamini jambo, kumgeuza ni kazi."

"Umemsamehe?"

"Bado," Nadhira alisema. "Lakini mliniuliza kazi."

Alipotoka, Usama alikaa akigeuzageuza kalamu yake. "Muiteni," alisema.

Moza aliingia, akakaa, akaweka mikono yake mapajani kama siku ile ya mwanzo. Usama alimwambia kwamba wameridhika, na kwamba kiwanda kinampa usimamizi, kwanza kwa muda wa majaribio kama sheria inavyosema.

"Taibu," alisema Moza. "Na miye nitauliza kwa nani?"

"Kuuliza nini?"

"Juu yako weye."

Usama alimtazama Samiha. Moza alieleza, bila ya ufidhuli, kama anayemkumbusha mtu aliyesahau: "Mlikuja kwangu kwa posa. Mwenye kuposwa nae huulizia. Nitakuwa chini yako. Nataka mtu aliye chini yako, asiwe ndugu yako, na weye utoke nje."

"Samiha," Usama alisema polepole, "hili lilikuwemo?"

Halikuwemo. Katika mipango yake yote hakulifikiria. Aliona wazi kwamba akisema hapana, Moza atanyanyuka, na nyuma yake watanyanyuka Fundo na Kiuyu nzima; akisema ndiyo, anaweza kumpoteza meneja wake, na bodi inakaribia.

"Halikuwemo," alisema. "Lilipaswa kuwemo."

Usama akavuta kiti nyuma, akafunga kifungo cha koti, akatoka. Jecha akaitwa. Aliingia na kofia mkononi.

"Kwanza nijue," alisema Jecha. "Nikishasema, kazi ninayo?"

"Unayo. Hilo ni juu yangu," Samiha alimjibu.

Moza alimgeukia. "Bwana wenu akikosea, hukiri?"

"Hukiri. Lakini kesho yake. Siku yenyewe usimguse."

"Mshahara?"

"Haujapata kuchelewa. Wa kwake ulichelewa mara moja, wetu haukuchelewa."

"Mwanamke akimpinga?"

Jecha alikuna kidevu. "Hapo nitakudanganya, mama. Hajapingwa bado. Bi Samiha humzunguka."

Samiha aliendelea kuandika jibu lile kama alivyoandika mengine, neno kwa neno, ingawa lilimgonga. Huko kumzunguka meneja alikuwa akikuita busara. Moza alimtazama yeye, akamtazama Jecha, akavuta mtandio wake.

"Basi hilo tutalijua tukifika," alisema. "Nimekubali."

Samiha alitoka nje. Usama alikuwa amekaa kwenye benchi la Jecha, koti mapajani, akitazama wanawake waliopanga magunia yao mizanini.

"Jecha kasema nini?"

"Yaliyosemwa ndani yamebaki ndani."

"Hata kwangu? Mimi meneja wako."

Maneno ya kumzunguka yalimjia tayari, mepesi, kama yalivyokuwa yakimjia siku zote. Aliyaacha.

"Hata kwako. Nikikwambia leo, kesho hakuna atakayesema kweli mbele yangu. Na wale watano waliobaki nitawapata kwa njia hii hii. Ukitaka kuomba watu makao makuu, nitasimama mbele ya bodi niseme umekosea."

Usama alimtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma kibao alichokipita kila siku.

"Mara hii umeniambia usoni," alisema.

"Nimekwambia."

Alisimama, akavaa koti lake. "Kanikubali au kanikataa?"

"Kakubali. Anasubiri kukuuliza zamu za siku za bamvua umezipangaje, maana hakuna mwanamke wa mwani atakayeacha shamba lake aje kazini maji yakiwa yamekupwa mbali namna ile."

"Sikuzipanga," alisema Usama.

"Ndivyo nilivyodhani. Ingia tukazipange."